Kunguni, Mwenyeji Wetu

Kupe alipata cheo chake zamani. Enzi za Azimio la Arusha hapakuwa na mkutano wa hadhara uliokwisha bila kutajwa, na kila mnyonyaji wa nchi hii aliitwa kwa jina lake. Chawa naye siku hizi ameula: ana ajira kwa msanii au kwa mwanasiasa, ana fulana yenye picha ya bosi, na ndege anapanda. Mbu ana mpango wa taifa na fedha za wafadhili. Inzi ndiyo usiseme, maana aliandikiwa sifa tangu karne ya pili na Lucian wa Samosata, mtu wa Shamu aliyekiandika Kigiriki hadi wenyewe wakanyamaza. Aliyebaki bila cheo, bila ajira na bila mwandishi ni kunguni. Mitaani kwetu jina lake utalisikia kwenye kipaza sauti cha kijana anayepita na baiskeli: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Hata hapo anatajwa wa mwisho.

Deni hili acha nililipe mimi, kwa sababu nilikuwa mgeni wake. Alitupokea Masaka, usiku wa kuamkia safari ya miguu kwenda Namugongo, na katika mji ule mzima hapakuwa na mwenyeji aliyetufurahia kama yeye.

Kwa wasioijua hija hiyo, niseme kidogo. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, ambao wengi wao walichomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Tangu mwishoni mwa Mei barabara za Uganda hujaa watu wanaotembea: Waganda, Wakenya wanaoingia kwa Busia, Wanyarwanda, na sisi wa Kagera tunaoingia kwa Mutukula. Wengine hupanda basi hadi mlangoni mwa basilika, na Mungu anawapokea vilevile. Kikundi chetu kiliamua basi lifike Masaka, na kuanzia hapo iwe miguu, kama kilomita 140. Tulikuwa watu wa kila namna: mama wa WAWATA wenye vitenge vya sare, vijana wa VIWAWA wenye raba mpya, wazee wa UWAKA wenye ushauri, na padri mmoja kijana aliyebeba begi dogo kuliko wote.

Masaka kwa Mhaya ni mji unaochanganya akili. Migomba ni ileile, ndizi ni zilezile, senene wanawapenda kama sisi, na bado ukifungua mdomo unagundua kwamba uko ugenini. Kiswahili huko kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. Ukiagiza chai kwa Kiswahili sanifu watu wazima wanageuka kuangalia umekuja kumkamata nani. Nao wana kumbukumbu zao. Februari 1979 wanajeshi wetu waliingia Masaka wakimfukuza Idi Amin, aliyekuwa ameivamia Kagera mwaka uliotangulia, na mji ukabomolewa vibaya kwa mizinga. Wengi wa askari wale walitembea, na wakaendelea kutembea hadi Kampala, waliyoiteka tarehe 11 Aprili. Kwa hiyo sisi hatukuwa Watanzania wa kwanza kuondoka Masaka kwa miguu alfajiri. Ila wale hawakuulizwa kama wanataka chumba chenye choo ndani.

Sisi tuliulizwa, tukasema ndiyo, tukapewa ambavyo havina. Gesti yenyewe sitaitaja. Binti wa mapokezi, kwa adabu zote za Kiganda, alipiga magoti kumsalimu mzee wetu kabla ya kutugawia funguo, kila mmoja na kipande chake cha ubao kizito ili usiende nao Tanzania. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndala moja ya kushoto, ndoo, na picha ya maporomoko ya maji ambayo nadhani ni ya Kanada. Shuka lilikuwa safi. Nasisitiza hilo, kwa sababu watu humsingizia kunguni kwamba hufuata uchafu. Si kweli. Uchafu haumhusu, usafi haumhusu. Anachofuata ni joto la mwili na pumzi unayoitoa. Ukiwa hai na unapumua, umekidhi vigezo. Ofisi ngapi unazozijua zina masharti mepesi hivyo?

Jioni ile tulikuwa tumepanga mkesha. Ratiba ilichapwa: rozari saa mbili, nyimbo saa tatu, tafakari ya maisha ya mashahidi, kisha sala za kimya hadi alfajiri. Mpaka saa nne kasoro robo nyimbo zilikuwa zimekwisha, mwongozaji wa tafakari alikuwa anapiga miayo katikati ya sentensi, na padri akasema, kwa hekima, kwamba Bwana anaijua nia. Tukatawanyika kwenda kulala.

Kunguni hakutawanyika. Kilichotushinda sisi yeye alikibeba. Ilipofika saa sita usiku taa zilikuwa zinawaka chumba hadi chumba, milango inafunguliwa, watu wako koridoni na tochi za simu, wamekaa kitako kwenye viti vya plastiki. Mzee mmoja wa UWAKA, ambaye kwenye mkesha rasmi alisinzia tangu fumbo la pili la rozari, sasa alikuwa macho makavu na analiita jina la Yesu kwa sauti. Mtu akaanzisha wimbo ili kupitisha muda. Wengine wakaitikia. Ratiba yote ile iliyochapwa ilitimizwa, nyimbo, tafakari na sala, mpaka jogoo anawika, na hakuna aliyethubutu kupiga mwayo mbele ya godoro lake.

Na angalieni alivyogawa huduma. Tulipokuwa tunagawana vyumba palikuwa na maneno: kamati ipate vya juu, vijana walale wanne wanne, mweka hazina alale peke yake kwa sababu ana fedha. Yeye hayo hakuyatambua. Alimtembelea padri, akamtembelea dereva wa basi ambaye hata si Mkatoliki, akampitia mama mwenyekiti aliyekuja na shuka lake kutoka nyumbani. Asubuhi tulilingana mikono na shingo. Mahubiri juu ya usawa wa wabatizwa nimeyasikia mengi, lakini hilo ndilo nililoliona limeandikwa kwenye ngozi.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kati ya wadudu wanaoishi kwa damu ya watu, kunguni ni mwenda kwa miguu. Mbu ana mabawa. Kiroboto ana miguu ya kurukia, na huruka kwa majivuno. Kunguni mabawa yake yamebaki vikonyo visivyofaa kitu, na kuruka hawezi. Kila anakokwenda, kutoka nyufa za ukuta hadi chaga, kutoka chaga hadi mshono wa godoro, anakwenda hatua kwa hatua, gizani, tumbo tupu. Na kufunga kwake usikulinganishe na Kwaresima yetu yenye samaki. Akikosa mgeni huweza kukaa miezi bila kula, anasubiri, hanung'uniki, hamwandikii mtu ujumbe. Kabla hajawa mtu mzima hujivua gamba mara tano, na kila mara lazima kwanza apate mlo mmoja wa damu. Fikirieni kwamba anazaliwa kwenye gesti ya mji ambako wageni huja kwa wingi msimu mmoja wa mwaka, na ujana wake wote unategemea nani amekosa kitanda kwingine.

Wapinzani watasema husafiri kwenye mabegi ya watu. Ni kweli. Na kuna mwanakamati wetu aliyesafiri kwenye bodaboda kuanzia Mpigi, kofia imeshushwa hadi puani, na tulipomkuta Namugongo tulimpigia vigelegele.

Ukoo wake ni wa kale kuliko wa mabwana wengi wanaojitapa. Ndugu zake wapo hadi leo mapangoni, wanaishi na popo. Huko Amarna nchini Misri, kwenye kijiji cha mafundi wa Farao Akhenaten, mabaki yake yamechimbuliwa, na yana umri wa zaidi ya miaka 3,000. Akhenaten alijenga mji mpya, akaleta dini mpya, akafa, mji ukahamwa na dini ikafutwa. Kunguni wa mafundi wake hawakuhitaji kufufuliwa na mtu. Plinio wa Roma alimhesabu katika dawa za sumu ya nyoka, jambo ambalo silipendekezi, lakini inaonyesha kwamba palikuwa na wakati alithaminiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi tajiri zilimnyunyizia DDT hadi zikamsahau; akajifunza kuistahimili, akarudi na watalii. Vuli ya 2023 Paris nzima iliingia kiwewe, watu wakaogopa viti vya treni na vya sinema, serikali ikaitisha vikao, Olimpiki inakaribia. Kiumbe wa gesti zetu za stendi, asiye na pasipoti wala kadi ya homa ya manjano, aliitikisa Ulaya.

Kuhusu shtaka la kuuma, mteja wangu anakiri. Lakini anauma kistaarabu. Mate yake yana ganzi, kazi yake huikamilisha kwa dakika tano hadi kumi, kisha hujiondokea zake bila kupiga kelele sikioni. Mbu hukuimbia kwanza, akakuuma, halafu akakuachia malaria. Kunguni hajathibitika kumwambukiza binadamu ugonjwa wowote. Anakuachia muwasho tu, na muwasho kwa hujaji ni mali. Tulikuwa tumepanda basi Bukoba tukiimba kwamba tunataka kuubeba msalaba. Saa tano za usiku tukamwamsha binti wa mapokezi kudai turudishiwe shilingi 15,000.

Hapa niweke mzaha pembeni kidogo. Mashahidi wale walikamatwa Munyonyo, upande wa pili wa Kampala ya leo, wakaswagwa kwa miguu hadi Namugongo wakiwa wamefungwa; wengine waliuawa njiani, na waliofika wakawekwa kifungoni karibu wiki nzima huku kuni zao zikikusanywa. Basilika ina nguzo 22 kwa hesabu ya Wakatoliki waliouawa, na Waanglikana wana 23 wao, waliouawa kwa amri ya Kabaka huyohuyo. Usiku ule koridoni kijana mmoja wa VIWAWA aliuliza, bila kumlenga mtu, wao walilala wapi wiki ile. Hakuna aliyemjibu, na ilichukua muda kabla mtu hajalalamika tena.

Faida nyingine mtaiona kwa macho ya barabara. Vikundi vilivyolala pazuri viliondoka Masaka saa moja, baada ya chai na mayai. Sisi saa kumi alfajiri tulikuwa tumeshafunga mabegi, tumeyarusha kwenye basi, tumewaaga wenyeji wetu wa aina zote mbili. Binti alituuliza, kama desturi ya huko inavyotaka asubuhi, tumelalaje. Mzee wetu, mtu mwenye malezi, akajibu kwamba tumelala vizuri sana, huku anajikuna. Tulifika Lukaya jua halijawa kali, wachoma kuku na ndizi za gonja ndio kwanza wanapuliza mkaa. Wale, wakiona gari, hukimbia na vijiti vyao hadi madirishani. Wakiona mwenda kwa miguu hukaa, maana wanajua hana pa kukimbilia. Tukala kwa utulivu. Baada ya hapo ni Lwera, kinamasi na mafunjo pande zote, barabara imenyooka na kivuli hakuna, na wale wa chai na mayai waliipita saa sita mchana kamili. Nilipowaona jioni walikuwa wekundu hata waliokuwa weusi.

Tuliporudi Bukoba kamati iliitisha kikao cha tathmini kwenye ukumbi wa parokia. Mweka hazina alisoma hesabu, zikapita. Mwanakamati wa bodaboda akatoa ushuhuda juu ya maumivu ya magoti. Ilipofika Mengineyo nikasimama nikapendekeza kwamba kunguni wa Masaka waandikwe kwenye muhtasari miongoni mwa wafadhili wa hija, kwa kuwa mkesha ule waliugharamia wao, na kwamba mwakani tusihame gesti. Wanaume wakacheka. Padri akaangalia dari, anajikuna kiwiko kwa siri.

Mama mwenyekiti wa WAWATA hakucheka. Aliniuliza yale mabegi tuliyoshusha kwenye basi usiku wa kurudi niliyahifadhi wapi.

Nikamwambia: sakristia, juu ya mito ya maharusi.

"Na Jumamosi kuna ndoa ngapi, baba?"

Nikasema tatu. Akakunja khanga yake kiunoni, akamtuma mtoto dukani kwa mafuta ya taa, na kikao kikafungwa bila sala.