Barua ya wazi kwa wakubwa wa utalii: Asanteni kwa kutufichia maporomoko

Kwa Waheshimiwa Mnaosimamia Utalii wa Ndani,
Nairobi.

KUH: SHUKRANI ZA CHAMA CHA MASIMBA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Masimba, Masaba Kusini, kaunti ya Kisii. Chama chetu cha akina mama, pamoja na wazee wachache wanaovumiliwa, kimeitikia wito wa Tembea Kenya. Tumekata shauri kwenda kutazama maporomoko ya Isiukhu ndani ya msitu wa Kakamega. Kazi ya kupanga safari nimepewa mimi, kwa kuwa nina simu janja na bando haliniishii kabla ya Ijumaa. Nawaandikia kuwashukuru kwa jinsi mlivyoyatunza maporomoko hayo mbali na macho ya wananchi.

Mtauliza kwa nini tusitazame ya karibu. Waheshimiwa, ya karibu yana kazi. Mto Gucha unaanzia kwenye vilima vyetu hivi, ukifika Migori unaitwa Kuja, na pale Gogo maji yake yanazungusha mitambo ya umeme tangu miaka ya 1950. Sondu Miriu nao, ambao tutauvuka njiani, uliajiriwa karne hii: maji yanachepushwa, yanatiwa kwenye handaki la kilomita sita hivi, yanatokea upande wa pili yakiwa megawati 60. Hatulalamiki, taa zinawaka, zikitaka. Ila hakuna mama anayefunga safari na sufuria ya matoke ili apigwe picha na handaki. Isiukhu tumeyakuta bado hayana ajira, kama watoto wetu waliohitimu, tukaona huenda yana nafasi ya kupokea wageni.

Basi nikapekua matangazo ya utalii. Simba nimemwona akipiga miayo. Nyumbu nimewaona wakivuka Mara, wale wale, mwaka baada ya mwaka. Bahari nimeiona, na mzungu wake amelala ufukweni. Msitu sikuuona, na nikaelewa kuwa ni busara yenu. Mkenya akijua kwamba nchini mwake kumebaki kipande kimoja cha msitu wa mvua ule ule wa Kongo na Uganda, chenye mbega na hondohondo, na kule Kisere kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe, anaweza kuingiwa na tamaa ya kwenda. Mmemkinga.

Tulipoambiwa msitu una wenyewe wawili hatukushtuka. Kaskazini ni Buyangu, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na leo iko chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Kusini ni Isecheno, chini ya shirika la misitu, KFS. Mbega huruka kutoka tawi la shirika hili hadi tawi la shirika lile wala haulizwi risiti. Sisi soko letu ni Keroka: mji mmoja, kaunti mbili, Kisii huku na Nyamira kule, na muuza nyanya katikati akiuliza ushuru wa leo ni wa nani. Kwa hiyo mambo haya tunayajua. Tulikuwa tunatafuta tu mtu wa kutuambia kwamba ukishukia Khayega ukapitia Shinyalu utaingia msituni kweli, ila maporomoko unayoyataka yako lango lile jingine, kaskazini mwa mji wa Kakamega, unakoingilia kutoka barabara ya Webuye. Siri hii ya serikali nimeipata kwa mkwe wa jirani anayeuza miwa.

Kuhusu malipo: tuliketi chini ya mparachichi wa mwenyekiti kuchanga. Mong'ina mmoja, bibi mzee wa chama, akafungua fundo la leso, akatoa noti zilizokunjwa mara nne, akaniambia, "Mwanangu, hizi wape wenye maji." Nikamweleza kuwa wenye maji siku hizi hawashiki noti. Mtu anajisajili mtandaoni, anapewa nywila, anatumiwa nambari ya siri, kisha analipa kwa simu. Akaitazama kabambe yake, akanitazama mimi. "Na maji yenyewe yataanguka, au nayo yako mtandaoni?" Swali hilo nalileta kwenu kama lilivyo, maana mimi lilinishinda.

Joseph Thomson, yule Mskoti, aliyafikia maporomoko ya Nyahururu, yale ya mita 74, mwaka 1883. Alikwenda kwa miguu, hana nywila, na bado aliondoka ameyapa jina la ukoo wake. Sisi hatutaki kuyapa Isiukhu jina la mtu. Tutaridhika na choo.

Tuna ombi moja kubwa. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa mapumziko ili tupande miti, tuifikie ile bilioni 15 kabla ya 2032 kwisha. Tulipanda. Huku kwetu tulipanda mikaratusi, ingawa marehemu waziri John Michuki alikuwa ameagiza mwaka 2009 ing'olewe kandokando ya mito; mkaratusi unakua haraka, na karo ya shule haina subira ya kungoja mvule. Sasa tunaomba mapumziko ya siku moja ya kutazama miti ambayo haikupandwa na mheshimiwa yeyote. Hamtahitaji hema, wala viti vya plastiki, wala kibao chenye jina la mgeni wa heshima.

Mengine ni madogo. Bei ibandikwe kwenye steji ya Kisii, kwa shilingi, kwa herufi ambazo mong'ina ataziona bila miwani. Chini yake iandikwe kwamba Kakamega mvua huja mchana, kwa hiyo mtu afike asubuhi. Na yeyote atakayeandika hivyo atueleze pia msafiri wa Masimba apite Keroka, Kisii, Oyugis, Sondu, Ahero na Kisumu saa ngapi ili asubuhi hiyo imkute langoni.

Dereva wetu naye anauliza kama probox inaruhusiwa kuingia hifadhini ikiwa na watu wake wote, pamoja na yule anayekaa naye kiti kimoja upande wa usukani. Nimemwambia aandike barua yake mwenyewe.

Wenu mtiifu,
Katibu wa chama, Masimba.