Kujikwaa si Kuanguka

Aliyesema kujikwaa si kuanguka hakuwa amempakia punda mayai. Punda wa ami yangu pale Lamu alikuwa hakosi jiwe. Na Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, kila kitu hupanda punda: saruji, mchanga, hata friji. Siku ya mayai ya mkahawa, mguu wa mbele ulipiga ncha ya ngazi, magoti yakakunjika, shogi zikalala upande, na trei zikashuka moja baada ya nyingine bila haraka. Paka wa mji, ambao hawangoji mwaliko, walifika kabla ya mwenye mayai.

Barazani kila mtu akawa tabibu. Huyu akasema ni kijicho. Yule akasema ni uvivu, apigwe fimbo. Wa tatu, ambaye hajapata kufuga hata kuku, alitaka punda abadilishwe jina.

Tukampeleka kwenye kliniki ya punda, ile iliyofunguliwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza mwaka 1987, ambayo haitozi pesa. Daktari hakuuliza jina. Aliinua mguu, akatuonyesha ukwato uliorefuka mbele kama kiatu cha kuazima. Ukwato hukua kama ukucha. Ncha ikizidi, hukwaruza chini mguu unapopita. Akapunguza, akalainisha kwa tupa, akasema turudi kila baada ya wiki 6 hadi 10. Kisha akauliza mzigo ni kiasi gani, maana punda aliyechoka huburuta miguu hata kwato zikiwa safi. Hapo ami akaanza kuangalia majahazi.

Yakabaki mazoea mabaya ya kuburuta miguu. Dawa yake ni ile ile wanayopewa farasi: boriti kadhaa chini, zikiachana hatua moja, na mnyama apitishwe juu yake polepole, mgongo mtupu. Boriti za mikandaa Lamu hazitafutwi mbali. Tukazipanga mchangani. Punda akazitazama, akazizunguka. Sikumlaumu, njia ilikuwepo pembeni.

Raundi iliyofuata ami alimshika kamba juu, kichwa kikaelekea mbinguni, na boriti zote zikakanyagwa. Punda haoni kilicho chini ya pua yake mpaka ainamishe kichwa. "Legeza kamba, ami." Akalegeza, huku akilalamika kwamba zamani punda walikuwa na heshima. Punda akainama, akanusa boriti ya kwanza kwa muda mrefu, masikio mbele, akakunja goti na kuupitisha mguu juu bila kuigusa. Wa nyuma ukagonga. Lakini kila jioni kelele za kugonga zikapungua.

Siku hizi anainua miguu hata akikuta kivuli cha waya. Kwa hiyo ninyi mnaoketi barazani mkinyoosha miguu njiani, ikunjeni akipita. Yeye ataivuka salama. Shogi zake ndizo hazijafunzwa.