Kicheko cha Hondohondo

Miongoni mwa taabu ambazo mwanadamu hujitwika kwa hiari yake, bila ya kuamrishwa na sultani wala kusukumwa na njaa, sidhani kama iko inayoishinda ile ya kuwafuata ndege wa mwituni kwa kamera katika misitu ya Malaysia. Maana huko, baina ya mtu na ndege amtakaye, pana mvuke, giza na ruba, na ndege mwenyewe hana haja naye hata chembe.

Nazungumza juu ya Taman Negara, hifadhi iliyotengwa zama za Waingereza, katika miaka ya 1938 na 1939, yenye eneo la kilomita za mraba 4,343, ambamo zimehesabiwa aina zaidi ya 350 za ndege. Hesabu hiyo humtia mgeni tamaa, asijue kwamba walio wengi humo husikika tu.

Balaa la kwanza ni la kioo. Mtu alalapo katika chumba chenye kiyoyozi, kamera nayo hupoa usiku kucha. Na alfajiri atokapo nje, hewa ile nzito yenye unyevu huikumba lenzi baridi na kuifunika kwa umande. Wakati huo hasa ndipo ndege aitwaye pita, mwenye tumbo jekundu, ambaye mahiri wa fani hii humtamani kuliko cheo, alipotokeza njiani mbele yangu, akarukaruka, akapekua majani kwa raha zake, kisha akaenda zake, nami bado nafuta. "Sabar, Encik," yaani subira, bwana, aliniambia mwongozaji wetu, mzee wa Kimalai mwenye adabu nyingi, huku akigeuza uso ili nisione anavyotabasamu.

Balaa la pili ni ruba. Hao hukaa juu ya majani wakijinyoosha kumwelekea kila apitaye mwenye damu moto. Na kwa kuwa mate yao huizuia damu isigande, kidonda kidogo huendelea kutiririka muda mrefu baada ya mwenye kukitia kushiba na kuondoka. Dawa yake ni soksi za kitambaa kizito zifikazo magotini; lakini ruba aliyeandikiwa riziki kwangu alipozikuta soksi, alipanda juu zaidi, akachagua mahali ambapo staha hainiruhusu kupataja. Nikapiga ukelele, na ukelele ule ukamkimbiza argasi, ndege wa jamii ya tausi, tuliyekuwa tukimvizia kando ya uwanja wake wa kuchezea, ambao dume huufagia mwenyewe asibakize hata jani. Mzee safari hii hakunena kitu.

Balaa la tatu ni giza. Majani ya miti mirefu huizuia nuru juu kwa juu, hata kamera ikalazimika kukodoa jicho muda mrefu, na ndege akitikisa kichwa tu, picha hutoka kama doa la mchuzi kwenye kanzu. Na tazama dhihaka: kuku wa mwitu mwenye shungi na mgongo wa rangi ya moto, niliyemtafuta kwa kutambaa matopeni, nilimkuta akitembea uani, baina ya vyumba vya wageni pale Kuala Tahan tulikofikia, kamera yangu ikiwa imeanikwa juani pamoja na soksi.

Lakini mkuu wa wenye dhihaka ni hondohondo wa chapeo. Huanza kwa mlio mmoja mmoja, akaharakisha kidogo kidogo, mpaka sauti ikamvunjikia kuwa kicheko. Wamalai husimulia kwamba zamani alikuwa mtu aliyemchukia mama mkwe wake, akazikata kwa shoka nguzo za nyumba ya mkwe huyo, na ilipoanguka akaangua kicheko. Basi akageuzwa ndege, akahukumiwa kuyarudia mapigo yale na kicheko kile. Hukumu ni ya haki. Ila sikufahamu kwa nini inishukie mimi, ambaye na mkwe wangu twasikilizana, kila niinuapo kamera.

Hata hivyo simwombei anyamaze. Chapeo yake, tofauti na za hondohondo wengine, ni ngumu mpaka ndani, nayo huchongwa mapambo ya thamani. Kwa ajili hiyo majangili wamemwandama hata mwaka 2015 akatiwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Afadhali basi anicheke kila asubuhi, nirudi kwetu na madoa yangu, kuliko siku moja mtu afike pale na lenzi kavu, nuru tele na miguu isiyo na ruba, asimkute wa kumcheka.