Mjomba, Mchikichi na Tiyo za Vermont

Tangu binamu yangu ahamie Vermont, kila simu yake huanza kwa kuwasalimia wazee mmoja mmoja na kuishia kwa lawama ile ile: kwa nini Papa, yaani Mjomba, bado anapanda michikichi kugema? Binamu alizaliwa hapa Baraka, vita ikamvusha ziwa hadi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na kutoka Nyarugusu Marekani ikamchukua. Sasa kila Februari huajiriwa na mzungu mmoja mwenye msitu wa mepo, ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Kazi yake ni kugema. Mtoto wa mgema kavuka ziwa na bahari, akakuta kazi ya babake inamsubiri kwenye theluji.

Ila huko hapandi mtu. Shina hutobolewa kwa keekee, tundu la milimita 8 hivi, kina chake kama sentimita 4, linainama kidogo ili utomvu usilale ndani. Hupachikwa kijibomba, kisha tiyo nyembamba ya plastiki hupita mti hadi mti ikiteremka mlima, mpaka kwenye tiyo kubwa iliyoshikiliwa na waya, nayo humwaga kwenye tangi. Usiku wa barafu ukifuatwa na mchana wa jua, utomvu hutoka wenyewe. Mjomba alisikiliza yote haya kwenye simu, akauliza swali moja tu: "Na wanalewa?" Binamu akasema hapana, wanauchemsha, lita 40 zinatoa lita moja ya asali. Mjomba akanirudishia simu akiwaonea huruma watu wa Vermont.

Mzigo wa binamu ukaja hata hivyo, ili Mjomba asipande tena, mkononi mwa msafiri, kupitia Bujumbura na Uvira, ukiwa na vumbi la barabara nzima. Ndani mlikuwa na tiyo ya buluu iliyoviringishwa, mfuko wa viungio, na koleo ambalo mtaa mzima ulikuja kulitazama. Lina mikono miwili na vinywa viwili. Kinywa kimoja kinabana tiyo, cha pili kinabana kiungio, ukikusanya mikono vinasogeleana na tiyo inamezwa hadi mwisho. Fundi baiskeli wa jirani alilifungua na kulifunga mpaka akaombwa aende nyumbani.

Maagizo tuliyapata kwa sauti, usiku, mtandao ukikatika kila tulipofika penye maana. Tiyo ivutwe hadi ikaze, isifanye tumbo popote, maana penye tumbo utomvu hulala. Ishuke angalau sentimita 2 kila mita. Kipimo chetu kilikuwa chupa ya maji iliyojaa nusu, tukiilaza juu ya tiyo na kubishana kama maji yameegemea upande wa ziwa au wa Fizi. Kabla ya kuunganisha, ncha ya tiyo ichovywe kwenye chupa ya maji ya moto ili ilainike. Mke wa Mjomba alisema chupa ya chai haitaingizwa plastiki akiwa hai. Hapakuwa na haja: jua la Baraka lililainisha tiyo nzima bila kuombwa. Ikaingia kwenye viungio kirahisi sana, na saa nane mchana ikatoka kirahisi vile vile.

Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba mchikichi hautobolewi ukaachwa. Utomvu wake unatoka juu kabisa, kwenye shina la ua dume katikati ya makuti, na jeraha lile lazima lichongwe upya, unyuzi mwembamba, asubuhi na jioni, la sivyo linakauka. Mepo hutobolewa mara moja ikatosha msimu mzima. Mchikichi unataka mtu kila siku. Kwa hiyo Mjomba, aliyeletewa tiyo ili asipande, alipanda kuifunga, akapanda kuchonga, akapanda kuirudisha ilipochomoka. Zamani alikuwa na kisu, kibuyu na kamba yake ya kiunoni. Sasa aliongezewa koleo, viungio na simu, kwa sababu binamu alitaka video.

Halafu kuna chachu. Utomvu wa mepo una sukari kama asilimia 2 na hushuka ukiwa baridi. Wa mchikichi una zaidi ya asilimia 10, na ndani ya saa mbili tayari ni pombe. Ukiupitisha polepole kwenye plastiki inayoungua juani, unachemka humo humo. Povu lilijaa, viungio vikapiga kelele, na kimoja kikafyatuka juu ya njia wakati katekista anapita na shati lake jeupe la Jumapili. Alinukia vizuri kuliko mahubiri yake. Siku zilizofuata tiyo ilifanya utelezi ndani, haisafishiki, na kilichofika chini kilikuwa siki. Kilichokuwa kitamu hakikufika. Tiyo ilipita nyuma ya nyumba kadhaa, na kila nyumba ilikuwa imegundua kiungio chake na kikombe chake.

Mbuzi nao wakaitafuna. Nilipompa binamu habari hiyo alifurahi kweli, kwa kuwa Vermont kindi hufanya hivyo hivyo, na mzungu wake hutembea msituni kutwa nzima akitafuta matobo. Hapo ndipo nilipomuuliza kama ile habari ya kwamba tiyo humwondolea mgema kazi ya kutembea ilikuwa na ukweli wowote. Mtandao ukakatika.

Mjomba amerudia vibuyu vyake. Tiyo haikupotea: wenye mashua za Ubwari wanaitumia kuhamishia petroli kutoka pipa hadi kwenye bidoni, na mmoja wao amelikopa koleo kwa kauli ya "nitalirudisha kesho."

Kwa hiyo binamu, ukiyasoma haya huko kwenye theluji, Papa anakushukuru kwa moyo mmoja. Ukipata msafiri mwingine, usitume tiyo. Tuma mkanda imara wa kupandia miti, ule wanaoutumia mafundi wa nguzo za umeme, na viatu vya mpira namba 42. Asali yenu pia tuma, kachupa kadogo. Mjomba anataka kuona lita 40 zilikwenda wapi.