Namna ya Kumpokea Mmataifa Bila Kumfikisha Mezani

Mzee wa kanisa, ukitaka kulinda mlango vizuri, soma Matendo ya Mitume lakini ruka sura ya 10 na ya 15. Ya 10 ina Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi pale Kaisaria, aliyeshukiwa na Roho Mtakatifu kabla hajabatizwa, hata darasa la ubatizo hajalikalia. Watu wakipokelewa hivyo, baraza la wazee litakutana kujadili nini?

Ya 15 ni mbaya zaidi. Karibu mwaka 49, wazee wa Yerusalemu walibishana weee, mwisho wakaamua kuwa Mmataifa, yaani asiye Myahudi, halazimiki kutahiriwa. (Wanyakyusa wetu, ambao kwa mila hawakuwa na jando, wangeshangilia.) Wakamwandikia masharti manne tu: aepuke vyakula vya sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa na uasherati. Manne! Kikoba chetu kina mengi kuliko hayo.

Huku kwetu tulipata walimu wenye bidii. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na 1894 Wamoravian wakafungua kituo cha Ipyana, hapa hapa bondeni Kyela. Orodha ya masharti ikaanza kurefuka. Chukua chungu cha pombe ya ulezi: wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake, mama anaongeza maji ya moto. Mkristo anayepita na aangalie upande wa ziwa. Ngoma ya msibani nayo aiache, hata kama marehemu ni mjomba wake.

Ustadi wako utapimwa kwenye wake. Akija mzee mwenye wake watatu, kila mmoja kaolewa kwa ng'ombe na ana migomba yake, mpe pole na benchi la nyuma. Wake zake wabatize wote, maana kila mmoja ana mume mmoja, kosa lao liko wapi? Mume asubiri nje mpaka awaache wawili. Usiulize hao wawili watalala kwa nani, wala ng'ombe watarudi zizi gani, hayo ni ya dunia. Akichoka kungoja atajiunga na African National Church, lililoanzia Nyasaland (Malawi ya leo) mwishoni mwa miaka ya 1920 likavuka mto Songwe, na ambalo lilimpokea mtu na nyumba zake zote. Wewe waite wapotoshaji, basi.

Bado kuna chakula, na hapa usilegee. Mnyakyusa wa zamani alikulia katika kijiji cha rika lake: wavulana walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao na kula pamoja, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Kula na wenzako ndiyo ilikuwa heshima ya mtu, na Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliviandikia vijiji hivyo kitabu kizima, kilichotoka 1951. Kwa hiyo ukitaka mwongofu asahau wenzake, mhamishie kituoni, aishi na waongofu wenzake karibu na mmisionari.

Mfano unao kwa Petro. Kule Antiokia alikula na Wamataifa vizuri tu, mpaka walipofika watu wa Yakobo kutoka Yerusalemu. Akanyanyuka mezani taratibu, na Barnaba akamfuata. Paulo akamkemea mbele ya watu wote. Wewe mwige Petro, na siku ya mkutano hakikisha Paulo hapewi nafasi ya kusema.

Ila kabla hamjaongeza sharti lingine kwenye kitabu cha taratibu za usharika, naomba mwenyekiti awasomee wajumbe barua ile ya Yerusalemu. Iko Matendo 15, kuanzia mstari wa 23 hadi wa 29. Haichukui hata dakika 2.