Miaka Minne Miongoni mwa Mashetani

Nashukuru kwa utambulisho, ingawa ulikuwa mfupi. Mwenyekiti amesema mimi ni mpenzi wa filamu za kutisha za Ulaya. Mpenzi! Mpenzi wa filamu ni mtu anayenunua tiketi. Mimi, wapendwa, nilikuwa upande wa pili wa tiketi. Miaka minne nimefanya kazi katika tasnia ya sinema nchini Italia, katika nafasi nyeti: hapakuwa na mtazamaji, awe profesa, awe meya, aliyeiona filamu bila kwanza kupita mikononi mwangu. Koti hili jekundu lenye vifungo vya shaba ni la huko huko. Tundu hili dogo hapa kifuani ndipo ilipokaa nishani. Maelezo zaidi yamo kwenye kitabu changu, ambacho kitatoka nikishakianza.

Tuanze na istilahi. Filamu zao za mauaji Waitaliano huziita giallo, maana yake njano. Kwa nini njano? Swali zuri, nashangaa hamjaliuliza. Ni kwa sababu mtu akitishika kupita kiasi nyongo humpanda, uso ukawa njano kama embe lililoiva. Nadharia hii niliwahi kumweleza daktari mmoja, akanitazama muda mrefu bila kusema neno. Ilikuwa imemzidi.

Namwona binti pale safu ya mbele amenyoosha mkono. Sema, mwanangu. Anasema jina limetokana na vitabu vya upelelezi vya Mondadori, vilivyoanza kutoka mwaka 1929 na majalada yake yalikuwa ya njano. Sawa. Na hao Mondadori, rangi zote zilizopo duniani, wakachagua njano kwa nini? Nyongo. Tuendelee.

Mario Bava alitoa La maschera del demonio mwaka 1960. Humo yumo Barbara Steele, Mwingereza, kacheza watu wawili, mchawi na binti wa ukoo wa kifalme. Wengi wameusifu uso wake. Mimi sina la kusema kuhusu nyuso. Uso kila mtu anao. Kilichoniteka ni sauti. Sauti ile ningeitambua hata Kariakoo siku ya mkesha wa Idi! Naam, binti? Anasema enzi zile Waitaliano walipiga picha bila kujali sauti, kila mwigizaji akaongea lugha yake, kisha watu wengine wakaingiza sauti studio. Na kwamba niliyoisikia si ya Barbara Steele. Basi mama huyo mwingine, popote alipo, nampongeza.

Nije kwa Christopher Lee. Mwaka 1966 kampuni ya Hammer ya Uingereza ilimfufua Dracula katika Dracula: Prince of Darkness. Wapendwa, hotuba ya Dracula pale kwenye kasri ndiyo iliyonifundisha kuhutubia. Ule mtuo! Lile koromeo! Nimeikariri neno kwa neno, na kama mwenyekiti ataniruhusu dakika tano... Nini tena? Binti anasema katika filamu hiyo Dracula hasemi hata neno moja. Anatoa meno na kupuliza kama paka aliyekasirika, basi. Ndiyo maana nikasema nimeikariri neno kwa neno. Kazi yenyewe haikuwa ndefu.

Lakini msanii hupimwa kwa mateso. Ruggero Deodato alipotoa Cannibal Holocaust mwaka 1980, filamu ilikamatwa huko kwao, naye akashukiwa kwamba amewaua waigizaji wake kweli kweli, kwa kuwa walikuwa wametia saini mkataba wa kupotea machoni mwa watu kwa muda. Ikabidi awatafute, awaonyeshe wakiwa hai. Binti anaongeza kwamba wanyama waliouawa humo waliuawa kweli, na hilo halikuwa na utetezi. Hadithi hii kila nikiisimulia machozi hunilengalenga, maana na mimi yalinikuta. Mwisho wa mwaka wangu wa nne meneja aliniita ofisini. Mezani palikuwa na sanduku la bati, na vipande vya tiketi vimefungwa kwa mpira, hamsini hamsini. Alivihesabu kwa kulamba kidole. Vilipungua kumi na moja. Deodato aliambiwa lete waigizaji. Mimi nikaambiwa lete vipande. Tofauti yetu ni ndogo sana: yeye alileta.

Hapo ndipo nilipoamua kustaafu na kurudi kuutumikia umma.

Kwa Lucio Fulci nitapita haraka. Katika Zombi 2, ya mwaka 1979, maiti anapigana na papa chini ya bahari. Papa wa mpira, bila shaka. Mimi ni mtoto wa pwani, papa namjua akiwa mkavu na namjua akiwa kwenye nazi. Alikuwa papa wa kweli? Na hiyo namba mbili wameiweka bila kuwa na ya kwanza, ila filamu ya Mmarekani George Romero ilikuwa imeonyeshwa Italia kwa jina la Zombi, nao wakadandia? Mwanangu, wewe huna mtihani wa kusomea?

Nimalizie na Suspiria ya Dario Argento, mwaka 1977, na hapa naomba nisikatizwe. Msichana kutoka Marekani, Jessica Harper, anafika Freiburg, Ujerumani, kusoma dansi katika shule inayoendeshwa na wachawi. Muziki ni wa bendi ya Goblin: vikengele kama vya kumbembelezea mtoto, halafu mtu ananong'ona nyuma yake, halafu ngoma. Ilionyeshwa Alhamisi tano mfululizo. Kelele zote nilizijua kwa saa. Masharti ya kazi yalikuwa macho kwa wateja, mgongo kwa pazia. Lakini mlango ulikuwa wa mabawa mawili na moja halikufunga vizuri, ulibaki upenyo wa vidole viwili. Picha ikiwa nyekundu, mstari mwekundu ulidondoka kwenye zulia, ukapanda kiatu changu, ukafika mpaka kwenye sanduku la vipande. Ikigeuka buluu, nao ukageuka. Nilikuwa nausogeza mguu ili nisiukanyage. Wekundu ule nimeutafuta kwenye televisheni, nimeutafuta kwenye simu, sijauona tena.

Binti ananiambia, safari hii kwa sauti ya chini, kwamba nakala za filamu ile zilichapwa kwa njia ya zamani ya Technicolor, rangi moja moja kwa wino, wakati wengi walikuwa wameshaiacha. Asante, mwanangu. Hilo sikulijua.

Ana swali la mwisho: yule mchawi mkuu, msichana anapomfikia, anaonekanaje?

Haonekani. Angalau mimi sikumwona. Wakati huo nilikuwa nafungua milango ya nje watu watoke.

Binti amekaa. Anasema jibu ni sahihi: mchawi yule ana uwezo wa kutoonekana.

Mwenyekiti ananong'ona kwamba projekta iko tayari, na kwamba nimewekewa kiti safu ya mbele, pembeni ya huyu binti. Nashukuru sana. Apewe mgeni aliyechelewa. Zimeni taa. Mimi nitakuwa pale mlangoni.