Jehanamu Chini ya Shuka

Katika jimbo la Illinois, upande wa magharibi wa Chicago, uko mji mdogo uitwao Belvidere, na nje ya mji huo lipo ghala la mbao ambamo mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kiwandani hutunza magari kwa mapenzi ambayo jirani zake huyaita maradhi. Yaliyotokea humo usiku mmoja wa baridi kali nimehadithiwa na jeki ya chuma, chombo ambacho ushahidi wake haukataliki, kwa kuwa umri wake wote kimeutumia kuwainua wengine, na chenyewe kikabaki chini.

Mchana wa siku hiyo walikuja wageni. Wakampita Farasi, yaani Mustang GT350 ya mwaka 1965, mweupe mwenye mistari ya buluu, kama watu wampitavyo bawabu mlangoni, wakaenda kusimama mbele ya gari jeusi, fupi, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwa juu, ambalo umbo lake halikupishana sana na kasha la sabuni. Mwenye ghala alipolivua shuka, wageni walishusha sauti kama waliofika kuzuru kaburi la walii. Hapo ndipo ilipozuka kesi. Na jua lilipokuchwa, Farasi hakuweza kustahimili tena.

FARASI: Nimeishi miaka mingi, lakini sijapata kuona dunia ikipinduka kama ilivyopinduka leo. Mimi niliyetoka mikononi mwa Carroll Shelby, bingwa wa mashindano ya Le Mans ya mwaka 1959, mimi mwenye nguvu za farasi 306 kifuani, napitwa ili watu wakatazame kigari cha kuchukulia mboga sokoni! Ewe uliye chini ya shuka, nijibu: nasaba yako ni ipi?

MWEUSI: Maulana, nasaba yangu ni yako. Shelby aliyekulea wewe katika nyumba ya Ford ndiye aliyenilea mimi katika nyumba ya Chrysler. Na aliyempeleka huko ni Lee Iacocca, yule yule aliyekuwa na amri pale Ford jina la Mustang lilipotangazwa mwaka 1964, ambaye mwaka 1978 alifukuzwa, akahamia Chrysler, na alipokwisha kukaa vizuri katika kiti chake akamkumbuka sahibu yake wa zamani, akamwita. Bwana arusi ni yule yule, mshenga ni yule yule. Iliyobadilika ni nyumba tu.

FARASI: Ndiyo kusema wewe ni mtoto wa suria.

MWEUSI: Na mtoto wa suria, sheria humpa fungu lake kamili. Tena fungu langu lina ithibati. Mwaka 1986 tulichukuliwa tukiwa 500, wote weusi, tukapelekwa Whittier, California, katika karakana ya Shelby mwenyewe, tukafungwa shokapu za Koni, tukapewa turbo yenye kipoza hewa, hata nguvu zetu zikafika farasi 175, na kila mmoja wetu akapigiliwa namba yake kwenye dashibodi. Wewe ulikuwa na mtambo wa silinda nane, Maulana. Mimi ninazo nne, na ujazo wangu ni lita mbili na pwenti mbili tu. Hebu fanya hesabu ya kila silinda ninayolisha na kila silinda unayolisha wewe, kisha utueleze nani mvivu.

Farasi alifanya hesabu hiyo kimoyomoyo, na haikumpendeza. Wakati huo huo mlango wa ghala ulifunguliwa, na gari jingine likaingia likikohoa, matope na chumvi vimeliganda hata madirishani. Huyu alikuwa Mwekundu, Dodge Omni GLH ya mwaka 1985, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na Mweusi, aliyetoka kumpeleka bwana wake mjini. Jeki yasema kwamba alisimama akitiririka maji, akavuta pumzi, na alipoarifiwa habari ya kesi alicheka hata boneti ikatikisika.

FARASI: Wewe nawe unacheka nini? Na hizo herufi tatu ubavuni mwako maana yake nini? Nimekuwa nikiziona, nikadhani ni jina la dawa.

MWEKUNDU: Ni jina alilotupa Shelby kwa mzaha wake wa Kitexas, Mzee wangu. Maana yake ni kwamba gari hili huenda kama Jehanamu. Wakubwa wa kampuni, wenye haya na tai shingoni, wakaona ni heri zibaki herufi tupu, anayejua ajue na asiyejua apite. Mdogo wangu huyu aliye chini ya shuka akaongezewa herufi ya nne, S, yaani kama Jehanamu na zaidi kidogo.

FARASI: Na kweli mlikwenda?

MWEKUNDU: Tulikwenda, Mzee. Nilizaliwa na farasi 146 katika kiwiliwili chepesi, na siri yangu ni ya kimasikini: ule moshi ambao wengine huutupa nje kwa ekzosi na kuusahau, mimi huukamata njiani, ukazungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo likasukuma hewa nyingi ndani ya mtambo. Yaani niliishi kwa makombo, na makombo yakanishibisha. Mdogo wangu aliongezewa tu adabu ya kuipoza hewa hiyo kabla ya kuimeza, kwa maana hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto hujaza kifua lakini haishibishi. Sikufichi kasoro yangu: miguu inayosukuma ndiyo hiyo hiyo inayoshika njia, basi nikikanyagwa kwa ghafla usukani huvutika kandokando kama mbuzi anayejua anapelekwa wapi. Lakini barabarani walikuwako wenye magari marefu, ya fahari, waliosimama sambamba nami taa ikiwa nyekundu, wakanitazama kwa kebehi. Na taa ilipogeuka kijani hawakupata tena kuiona sura yangu, waliona kisogo.

FARASI: Kama hayo ni kweli, mbona hamkutajwa? Mimi watoto wadogo hunijua kwa jina.

MWEKUNDU: Kwa sababu alitutangulia Sungura. Mjerumani yule, Volkswagen GTI, ambaye huku Marekani aliitwa Rabbit, yaani Sungura, na akaundwa Pennsylvania, alitoka mwaka 1983 akiwa na farasi 90. Na ada ya hadithi unaijua: Sungura akishaingia, wanyama waliobaki, hata wawe na mbio namna gani, hutajwa kwa kushindwa tu.

Hapo ilisikika sauti kutoka pembeni, palipokuwa na gari lililokalishwa juu ya magogo, halina magurudumu wala kioo cha mbele wala taa, na milango yake minne imebaki miwili. Huyo ni Mama Omni wa mwaka 1978, mzazi wa Mweusi na Mwekundu. Na kwa kuwa alizaliwa miaka kumi na mitatu baada ya Farasi, alikuwa mama wa kambo mdogo kuliko mwanawe, jambo ambalo katika nyumba za wakubwa si geni.

MAMA OMNI: Wanangu, na wewe bwana Farasi, mmesema sana habari za baba. Nipeni ruhusa niseme habari za mama. Mwaka niliotoka, gazeti la Motor Trend lilinivika taji la Gari la Mwaka. Na mwaka huo huo Consumer Reports wakatangaza kwamba mimi sikubaliki, kwa sababu mpimaji wao aliuzungusha usukani wangu kwa ghafla nikiwa mbioni, kisha akauachia mikono, akaona nayumba. Sijapata kumwona mtu anayekimbia na kuuachia usukani isipokuwa yule anayetaka kuandika juu yake. Nikafahamu mapema kwamba sifa na lawama ni mvua za anga moja, na gari la mtu masikini hulala nje.

FARASI: Hayo ni kweli, mama, lakini hayaleti utukufu.

MAMA OMNI: Sikutafuta utukufu, nilitafuta unga. Nyumba ya Chrysler ilikuwa karibu kufilisika, hata serikali ikaiwekea dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5, na petroli ilikuwa imepanda bei. Katika dhiki hiyo mimi na dada yangu Plymouth Horizon tulikwenda sokoni kila siku, tusio na mistari wala nasaba, tukiwapeleka walimu na makarani kazini. Mwaka 1983 mikopo ikalipwa kabla ya wakati wake. Palipokuwa na chakula mezani ndipo Shelby alipoweza kukaribishwa, na wanangu wakatiwa huo moto wanaojivunia. Sasa niulizeni habari ya moyo wangu.

MWEUSI: Mama, hayo hayana haja.

MAMA OMNI: Yana haja. Mtambo wangu wa kwanza, wa lita moja na pwenti saba, ulinunuliwa kwa Volkswagen, kwao Sungura. Nyumba yetu ilikuwa haijapata moyo wa kadiri yangu. Na haya nayasema bila ya aibu, kwa kuwa Shelby mwenyewe mwaka 1990 alipandikizwa moyo wa mtu mwingine, akaishi nao hata mwaka 2012. Na kabla ya hapo, mwaka 1962, alichukua kiwiliwili cha gari la Kiingereza la AC, akakitia mtambo wa Ford, akakiita Cobra, na watu wakasujudu. Katika ukoo huu hakuna aliye safi. Nawe, bwana Farasi, hebu tuambie: mama yako ni nani?

Jeki yasema kwamba kimya kilitanda, hata ikasikika barafu ikidondoka paani.

FARASI: Mama yangu... ni Falcon.

MAMA OMNI: Sema, wasikie.

FARASI: Ford Falcon. Gari la familia. Lilikuwa rahisi, la watu wa kawaida. Mifupa yangu mingi ni ya kwake.

MAMA OMNI: Na yuko wapi leo, tumwamkie?

FARASI: Aliyeuliza habari zake mchana huu hayupo. Wala mimi sikumtaja.

Hapo wote wakaona kwamba kesi imekuwa kubwa kuliko madai, wakakubaliana wamwite kadhi. Na kadhi wa ghala lile alikuwa Panya, kiumbe mwenye elimu pana, maana amewahi kuonja viti vya kila mmoja wao na kutafuna nyaya zao bila ya upendeleo. Alitoka nyuma ya kopo la oili, akajipangusa masharubu, akaketi juu ya tairi.

PANYA: Nimesikia pande zote, na kabla ya kuhukumu nauliza swali moja la insafu. Wewe Mweusi, saa yako ya maili inasoma ngapi?

MWEUSI: Maili mia nne na kidogo. Sijanyeshewa na mvua tangu nizaliwe.

PANYA: Na wewe Mwekundu?

MWEKUNDU: Ilipita laki mbili, kisha ikafa. Tangu hapo tunakadiria.

PANYA: Basi sikilizeni. Kwanza, Farasi ameshindwa katika madai ya nasaba, kwa kuwa mtoto wa Falcon hana ruhusa ya kumcheka mtoto wa Omni. Pili, Mweusi ameshinda kwa ithibati lakini ameshindwa kwa jina: ameitwa aendaye kama Jehanamu na zaidi kidogo, naye haendi popote; moto aliopewa na Shelby umekaa ndani ya shuka la pamba miaka mingi, na mimi niliyelala mara kadhaa juu ya hicho kipoza hewa naapa kwamba ni baridi sana. Tatu, wale wageni wa mchana. Gari hili lilipokuwa dukani jipya, bei yake ikiwa ndogo, waliokuwa vijana wakati ule walipita wakaenda kununua lenye boneti ndefu. Leo walipoambiwa kwamba ni mia tano tu, wamekuja wamevua kofia. Si kwamba wamelipenda zaidi, wamehesabu zaidi.

MWEUSI: Ewe kadhi, mimi nimefanya kosa gani? Sikujifunika mwenyewe.

PANYA: Hukufanya kosa. Nakuonea huruma, na huruma yangu ina manufaa, kwa maana nyuma ya kiti chako pana pamba nzuri. Huyu Mwekundu nilimjaribu mara moja: nikatandika, nikazaa, na asubuhi nikajikuta mjini mbele ya duka la mikate pamoja na watoto sita. Gari kama hilo halifai kuwa nyumba. Hii ndiyo hukumu yangu, na dalili yake ni hii: panya hujenga kiota katika kitu kilichokwisha kufa. Mwenye kutaka kujua gari gani li hai, aangalie wapi sikulala.

MWEKUNDU: Lakini kadhi, mimi nami naliwa. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu imenitoboa chini, na wenzangu wengi imewamaliza hivyo hivyo, si ajali wala uzee.

PANYA: Utakwisha, ndiyo. Lakini utakwisha kwa kutumika.

Baraza likavunjika. Kulipopambazuka mwenye ghala aliingia na bisibisi, akapiga magoti kando ya Mama Omni, akafungua kitasa cha mlango mmojawapo wa ile miwili iliyobaki, akakipachika kwenye mlango wa Mwekundu uliokuwa ukifungwa kwa kamba tangu juma lililopita. Kisha akamfuta Farasi vumbi, akamnyooshea Mweusi shuka lake, akalikaza kila pembe. Mwekundu aliwashwa mara moja, akakataa. Mara ya pili akakohoa. Mara ya tatu akawaka, akatoka nje kwenye chumvi kwenda kununua maziwa. Na chini ya shuka, nyuma ya kiti cha gari namba fulani katika mia tano, Panya alikuwa amekwisha tandika.